Kufungulia virusi nyumbani: mashine pepe inakinga nini, na nini haikingi

Kijana anayejifunza usalama wa mitandao akiuliza kama ni salama kufungua programu hasidi ndani ya mashine pepe nyumbani kwao, atapata majibu mawili yanayogongana. Wa kwanza atamwambia hakuna shida, mashine pepe ndiyo kazi yake. Kikiharibika kitu unarudisha snapshoti na kazi inaendelea. Wa pili atamwambia asithubutu, maana virusi vya siku hizi hutoboa mashine pepe, vikaingia kwenye kompyuta yenyewe, kisha kwenye Wi-Fi, kisha kwenye simu ya mama yake. Kila mmoja ana ushahidi wa kuonyesha. Lakini wote wawili wanagombania uimara wa ukuta, wakati maabara nyingi za nyumbani huvuja kupitia njia ambazo mwenyewe amezifungua kwa hiari yake, na njia kubwa kuliko zote ni mtandao.

Ukuta wenyewe

VirtualBox ya Oracle, VMware Workstation, Hyper-V ya Microsoft na KVM ya Linux hufanya kazi ya namna moja. Huchukua sehemu ya uwezo wa kompyuta na kuunda ndani yake kompyuta nyingine inayojiona ina prosesa, RAM, diski na kadi ya mtandao vyake yenyewe. Kompyuta halisi huitwa mwenyeji, na ile ya ndani huitwa mgeni. Virusi vikiivuruga Windows ya mgeni, kilichovurugika ni faili kubwa lililolala kwenye diski ya mwenyeji. Snapshoti, yaani picha ya hali ya mashine iliyohifadhiwa kabla, huirudisha Windows hiyo ilivyokuwa kwa muda mfupi.

Utengano huu haubebwi na programu peke yake. Tangu Intel ilete VT-x mwaka 2005 na AMD ilete AMD-V mwaka uliofuata, prosesa yenyewe ndiyo inayomzuia mgeni asiguse kumbukumbu ya mwenyeji. Upande huo ni imara. Udhaifu hujitokeza zaidi kwenye vifaa vya kuigiza: kadi ya mtandao, kadi ya picha, vidhibiti vya diski na USB. Vyote hivyo ni msimbo ulioandikwa na watu, unaopokea data kutoka kwa mgeni na kuishughulikia upande wa mwenyeji.

Mwaka 2015 Jason Geffner, mtafiti wa CrowdStrike, alitangaza udhaifu ulioitwa VENOM, uliokuwa ndani ya QEMU, programu ya kuigiza kompyuta, katika msimbo wake unaoigiza kidhibiti cha diski za flopi. Hitilafu hiyo ilikuwepo tangu 2004, na kwa kuwa msimbo wa QEMU umeazimwa kwingi, iligusa pia Xen, KVM na VirtualBox. Kwenye baadhi ya mifumo hiyo msimbo uliendelea kuwa hai hata pale mtumiaji alipokwisha kuiondoa flopi kwenye mipangilio. Kifaa ambacho karibu hakuna aliyekihitaji tena kilibaki kuwa tundu kwa miaka 11.

Novemba 2018 mtafiti Sergey Zelenyuk alichapisha hadharani namna ya kutoka ndani ya VirtualBox kupitia kadi ya kuigiza ya Intel aina ya E1000 ikiwa katika hali ya NAT, mpangilio wa mtandao ambao mtu aliyeunda mashine mpya bila kubadili kitu aliupata mara nyingi. Na Machi 2025 Broadcom, wamiliki wa VMware, walitoa masasisho ya dharura ya kuziba udhaifu wa aina tatu, wakieleza kuwa wana taarifa zinazoashiria kwamba umekwisha kutumika katika mashambulizi ya kweli.

Kwa hiyo anayesema ukuta hutoboka yuko sahihi. Swali ni nani anautoboa, na kwa faida gani. Katika mashindano ya udukuzi ya Pwn2Own ya mwaka 2017 timu ya Qihoo 360 ililipwa dola 105,000 kwa kuunganisha udhaifu wa kivinjari cha Edge, wa Windows na wa VMware hadi kumfikia mwenyeji. Chombo chenye thamani ya namna hiyo hakitupwi ndani ya virusi vinavyosambazwa kwa barua pepe kwa kila mtu. Hutunzwa kwa ajili ya seva za makampuni, ambako mwenyeji mmoja hubeba mashine nyingi za watu wengi. Virusi vya kawaida vinavyoiba nywila, vinavyofunga mafaili na kudai fidia, au vinavyogeuza ruta kuwa jeshi la mashambulizi, havina uwezo huo wala havijajaribu kuwa nao. Mwanafunzi anayesasisha programu yake ya mashine pepe na kuondoa vifaa vya kuigiza asivyovihitaji amekwisha kuupunguza mlango huu kiasi cha kutosha kwa kazi yake.

Njia zinazofunguliwa kwa hiari

Baada ya kusimika Windows ndani ya VirtualBox, wengi huongeza kifurushi cha viongezi vya mgeni. Kioo kinajaa vizuri, panya inapita kirahisi, na unaweza kuwa na folda moja inayoonekana pande zote mbili pamoja na ubao wa kunakili wa pamoja. Ni raha tupu kwa mtu anayefanya kazi ya ofisi. Kwa anayefungulia virusi, kila kimoja kati ya hivyo ni upenyo.

Chukua folda ya pamoja. Kwa Windows ya mgeni ni diski kama diski nyingine. Programu ya kudai fidia hupita kwenye kila diski inayoiona na kusimba mafaili, na haijui wala haijali kwamba mafaili hayo yako kwenye kompyuta halisi. Hakuna ukuta uliotobolewa hapo. Mgeni amepewa ruhusa ya kuandika, naye ameandika. Tasnifu ya mwaka mzima inaweza kupotea hivyo, na snapshoti haitasaidia kitu, kwa sababu inamrudisha mgeni tu.

Ubao wa kunakili una hatari ya kimyakimya zaidi. Ukiwa wazi pande zote, nywila unayoinakili upande wa mwenyeji ili uingie kwenye barua pepe yako inasomeka pia ndani ya mgeni, na kuchungulia ubao huo ni miongoni mwa kazi za kwanza za virusi vya kuiba taarifa. Flashi iliyokabidhiwa kwa mgeni kisha ikachomolewa na kuchomekwa kwenye kompyuta nyingine ya nyumbani haihitaji maelezo marefu.

Vyote hivi hufungwa bila gharama ya kiufundi. Unachopoteza ni urahisi, basi. Sampuli unaweza kuiingiza ikiwa ndani ya faili la zip lenye nywila (watafiti wamezoea kutumia neno moja, *infected*) kupitia diski ya ISO ya kusoma tu, na kuifungulia ndani ya mgeni, kamwe si kwa mwenyeji. Na ukiviondoa viongezi vya mgeni unapata faida ya pili tutakayoiona mbele: virusi vinapata shida kidogo zaidi kutambua kwamba viko maabara.

Kadi ya mtandao

Hapa ndipo nadhani majibizano yote yangefaa kuanzia. Mashine pepe inaweza kuunganishwa kwa njia nne kuu, na tofauti kati yake ni kubwa kuliko tofauti kati ya VirtualBox na VMware.

Katika hali ya daraja, mgeni hupewa anwani yake na ruta ya nyumbani kama vile ni laptopu nyingine iliyoletwa sebuleni. Anaiona televisheni, printa, kamera, simu na kompyuta ya mdogo wako ambayo haijasasishwa tangu inunuliwe. Kufungulia virusi katika hali hii ni kuvifungulia nyumba nzima, hata kama ukuta wa mashine pepe haujaguswa.

NAT inaeleweka vibaya kuliko zote. Wengi hudhani inatenga kwa sababu mgeni ana anwani ngeni kama 10.0.2.15 na hakuna anayeweza kumfikia kutoka nje. Hiyo ni nusu ya habari. NAT huzuia wanaoingia na kuwaacha wanaotoka. Mgeni akitaka kuzungumza na 192.168.1.1, yaani ruta yako, au kompyuta nyingine kwenye Wi-Fi, ombi lake hupitia kwa mwenyeji na kufika, na intaneti yote iko wazi mbele yake. Virusi vinavyotuma barua taka au kushambulia seva za watu vitafanya hivyo kwa jina la laini yako, na mwenye virusi ataiona anwani ya nyumbani kwako ikimpigia hodi.

Mtandao wa mwenyeji pekee humkata mgeni na intaneti, lakini humuunganisha na kompyuta halisi. Katika VirtualBox mwenyeji kwa kawaida hukaa kwenye 192.168.56.1. Kama mwenyeji ni Windows isiyosasishwa, mdudu anayejisambaza amepata jirani mmoja, na jirani huyo ndiye uliyetaka kumlinda.

Mtandao wa ndani huunganisha wageni wao kwa wao na kumwacha mwenyeji nje kabisa. Wengi huukwepa kwa sababu unadai kazi ya mkono: hakuna intaneti, hakuna anayegawa anwani, kila mashine inapangiwa ya kwake. Usumbufu huo ndio bei ya utengano wenyewe, na ni bei ndogo.

Somo la WannaCry

Kisa cha WannaCry kinaonyesha kwa nini hakuna mpangilio mmoja unaojibu kila swali. Mdudu huyu alilipuka tarehe 12 Mei 2017 akitumia EternalBlue, mbinu ya kushambulia kupitia udhaifu wa huduma ya Windows ya kushirikiana mafaili ambao Microsoft ilikwisha kuuziba tarehe 14 Machi mwaka huohuo. Aligusa nchi takriban 150 na kuvuruga hospitali za Uingereza. Alijisambaza kwa njia mbili kwa wakati mmoja: alikagua kompyuta zote za mtandao wa karibu kupitia poti 445, na papo hapo alirusha majaribio kwa anwani za intaneti zilizochaguliwa kwa bahati nasibu.

Kabla ya hayo yote alifanya jambo moja. Aliomba ukurasa kutoka kwenye kikoa chenye jina refu lisilo na maana. Akijibiwa, alijizima. Asipojibiwa, aliendelea. Mtafiti Marcus Hutchins alipokisajili kikoa hicho, maambukizi yakapungua ghafla. Maelezo aliyoyatoa baadaye ni kwamba huenda waandishi walikiweka kama mtego wa kutambua maabara, kwa kuwa maabara nyingi hujibu kila ombi ili kuvihadaa virusi viamini kuna intaneti.

Sasa mpitishe WannaCry kwenye mipangilio tuliyoitaja. Katika mtandao wa ndani wenye INetSim, programu inayojifanya intaneti nzima, anapata jibu na kujizima. Mwanafunzi anaandika kwenye daftari kwamba sampuli haifanyi kitu, naye amekosea. Katika mtandao wa mwenyeji pekee bila jibu lolote, anaamka na kuanza kumkagua mwenyeji. Katika hali ya daraja siku ile ya kwanza, kabla kikoa hakijasajiliwa, angeikagua nyumba yote. Katika NAT angetoka kwenda kuwatafuta watu wasiomjua mwenye maabara wala wasiomkosea.

Kisa hiki kinafunua mvutano ulio katikati ya suala zima. Kadiri unavyovinyima virusi mtandao, ndivyo unavyokosa kuona vinavyofanya. Kadiri unavyovipa, ndivyo unavyowabebesha hatari watu wengine. Anayesema "tenga kila kitu" hajaihesabu gharama ya upofu, na anayesema "vipe intaneti uone" amewalipisha majirani gharama yake.

Virusi vinavyojificha

Mwaka 2004 Joanna Rutkowska, ambaye baadaye aliongoza uundaji wa mfumo wa Qubes OS, alionyesha kwamba kwenye mashine pepe za wakati huo ilitosha amri moja ya prosesa kujua kama uko ndani yake. Tangu hapo mbinu zimeongezeka. Anwani ya kadi ya mtandao ya VirtualBox huanza na 08:00:27. Ya VMware mara nyingi na 00:0C:29. Diski ndogo, prosesa moja, kutokuwepo kwa historia ya kivinjari, panya isiyotembea, huduma ya VBoxService ikiwa kwenye orodha ya kazi: virusi vikiona hayo vinaweza kulala au kufanya kitu kisicho na madhara.

Wapinzani wa mashine pepe hulitegemea sana jambo hili, na wana haki. Ila uzito wake umepungua. Leo seva nyingi za makampuni zenyewe ni mashine pepe, hivyo virusi vinavyokimbia kila mashine pepe vinajinyima mawindo. Kwa mwanafunzi, kumpa mgeni prosesa mbili, diski ya GB 80 na mafaili ya kawaida ya mtu anayeishi kunatosha kwa sampuli nyingi. Zile zinazobaki ni somo la hatua ya pili.

Njia mbadala na bei zake

Wapo wanaosema nyumbani usifanye kabisa, peleka sampuli kwenye huduma za mtandaoni kama VirusTotal, Hybrid Analysis au ANY.RUN. Kwa mtu aliyetumiwa faili lenye shaka na anayetaka kujua tu kama ni baya, ushauri huu ni bora kuliko yote, na kwa mwenye laptopu ya RAM ya GB 4 ndio pekee unaowezekana. Bei yake ni siri. Faili unalopandisha VirusTotal hupatikana kwa wateja wake wanaolipia, na majaribio ya bure ya ANY.RUN yako wazi kwa kila mtu. Ankara ya kampuni au nakala ya kitambulisho iliyopandishwa kwa haraka haiwezi kurudishwa mfukoni. Ndiyo maana ni vyema kwanza kutafuta alama ya faili, ile hashi yake, bila kulipandisha lenyewe.

Windows Sandbox, iliyokuja na Windows 10 mwaka 2019 kwa matoleo ya Pro na Enterprise, husifiwa kwa kuwa hufutika ikifungwa. Ni nzuri kwa kufungua programu usiyoiamini sana. Ila mtandao wake huwa wazi hadi uuzime kwenye faili la mipangilio, nayo huzaliwa upya kila mara, jambo linaloifanya isifae kwa uchunguzi wa hatua kwa hatua.

Kompyuta kuukuu isiyo na kazi nyingine huondoa tatizo la virusi kujificha. Lakini haina snapshoti, na kuisafisha kila baada ya jaribio kunakula saa. Zaidi ya hapo, mwaka 2018 watafiti wa kampuni ya usalama ya ESET walieleza kuhusu LoJax, virusi vilivyojiandika kwenye chipu ya UEFI ya ubao mama na hivyo kubaki hata diski ikibadilishwa. Virusi vya aina hiyo ni vichache, lakini mgeni wa mashine pepe hana chipu halisi ya kuambukiza, na hapo mashine pepe ni salama kuliko chuma chenyewe. Na kompyuta hiyo kuukuu ikiunganishwa kwenye Wi-Fi ileile ya nyumbani, hujatenga kitu.

Mizani

Uamuzi mzuri huanza na swali la unachotaka kujua. Anayetaka kuhakikisha antivirusi yake inafanya kazi hahitaji virusi kabisa; faili la majaribio la EICAR, maandishi ya herufi 68 yasiyo na madhara, liliundwa kwa kazi hiyo. Mwenye faili la shaka aende kwenye huduma za mtandaoni, kwa tahadhari ya siri niliyoitaja.

Anayejifunza uchunguzi wenyewe, huyo naona mashine pepe nyumbani ni njia halali na nzuri, na kumkataza ni kuwaachia elimu hii wenye maabara za gharama. Mpangilio ninaouona bora ni wageni wawili kwenye mtandao wa ndani: Windows ya majaribio, ambayo Microsoft huitoa kwa siku 90, na REMnux, Linux iliyoandaliwa na Lenny Zeltser kwa kazi hii, ikiendesha INetSim. Mwenyeji akiwa Linux ni bora zaidi, kwa sababu mdudu wa Windows akimfikia kwa bahati mbaya atakuta mlango asio na ufunguo wake. RAM ya GB 8 inabana ila inawezekana, 16 inatosha. Kuhusu WannaCry na wenzake, dawa ni kufanya jaribio mara mbili, mara moja INetSim ikijibu na mara moja ikiwa kimya, kisha kulinganisha.

Anayetaka kuona virusi vikizungumza na mabwana zao kwenye intaneti halisi asifanye hivyo kwenye laini ya nyumbani. Nasema hivi nikijua kwamba VLAN, faiwoli ya ziada na VPN hupunguza hatari. Lakini Wi-Fi ya nyumbani ni ya watu wengi, wenye simu zinazobeba M-Pesa na akaunti za kazi, na hakuna aliyewaomba ridhaa. Hata sheria haziko mbali. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 na sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu makosa ya kompyuta zote zinagusa programu zilizoundwa kwa ajili ya uhalifu, na trafiki ya mashambulizi iliyotoka kwenye laini yako ni vigumu kuiita masomo.

Kabla ya kufungua

Utengano hupimwa kabla sampuli haijaguswa, na upimaji wenyewe hukosewa mara nyingi. Watu hutuma ping kutoka kwa mgeni kwenda kwa mwenyeji, wasipojibiwa wanaridhika. Faiwoli ya Windows kwa kawaida huzinyamazia ping hata njia ikiwa wazi, kwa hiyo ukimya huo haujathibitisha kitu. Fungua kivinjari ndani ya mgeni na uite ukurasa wa ruta yako. Kutoka REMnux endesha Nmap dhidi ya anwani ya mwenyeji na ya simu yako, ukikagua poti na kuiambia isitegemee ping. Kisha zima faiwoli ya mwenyeji kwa dakika moja, huku sampuli ikiwa bado haijaingia, urudie. Kikijibu chochote kisicho INetSim, rudi kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao kwanza.